Wacham wa Kingo za Mekong

Kwenye ukuta wa kusini wa hekalu la Bayon, huko Angkor, wachongaji wa kale waliacha vita vya majini. Mashua ndefu zimesongamana, wapiga makasia wamekaa safu, na chini yao samaki na mamba wanangoja watakaoanguka. Upande mmoja ni Wakhmer, vichwa wazi, nywele fupi. Upande wa pili ni watu waliovaa kofia mfano wa ua lililofudikizwa. Hao ni Wacham. Kumbukumbu za Kichina zinasema kwamba mwaka 1177 jeshi la Champa lilitoka baharini, likapanda mto Mekong hadi ziwa la Tonle Sap, likauteka mji wa Angkor na kumuua mfalme wake. Jayavarman wa Saba aliwatoa, akatawazwa mwaka 1181, kisha akajenga Bayon na ushindi wake ukachongwa ukutani.

Anayeishia kwenye ukuta huo atadhani Wacham walipita na zama zao. Wapo. Wanaishi kando ya mto ule ule ambao mababu zao waliupanda kwa vita, ila wengi wa mababu hao waliufikia mara ya pili wakiwa wakimbizi. Ni Waislamu, Washafii kama sisi wa mwambao, na kwa miaka mitatu na miezi minane ya utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge walisakwa ili wasibaki Wacham. Nimefundisha historia katika sekondari za Tanga kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Katika yote niliyoyaona Kambodia, mahekalu na makumbusho pamoja, jambo ninaloona lazima niliandike ni siku moja katika vijiji vyao vya wilaya ya Krouch Chhmar.

Aliyenifikisha ni kijana wa Kicham aliyesoma chuo kikuu Malaysia pamoja na mpwa wangu. Huko alizoea kumwita mwalimu Cikgu, na tangu alipoambiwa kazi yangu hakuniita kwa jina jingine. Mimi nilimwita mwanangu. Tulizungumza Kiingereza, na kilipotuishia tukachomekea Kiarabu cha chuoni, ambacho kila mmoja wetu alikipata akiwa ameketi kwenye mkeka mbele ya mwalimu mwenye fimbo.

Tuliondoka mji wa Kampong Cham alfajiri, baada ya kahawa ya barafu yenye maziwa ya kopo, tukavuka daraja la Kizuna kwenda ukingo wa mashariki. Daraja hilo lilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Desemba 2001. Kabla yake hapakuwa na daraja lolote juu ya Mekong ndani ya Kambodia. Watu, ng'ombe, pikipiki na mizigo vyote vilivushwa kwa vivuko. Ng'ambo ile sasa ni mkoa wa Tbong Khmum, uliokatwa kutoka mkoa wa Kampong Cham mwishoni mwa mwaka 2013. Barabara inafuata mto, na ilipofika Krouch Chhmar tuliliacha gari, tukashuka ukingoni kuchukua boti ya mbao yenye injini ya mkia mrefu.

Kushuka ni neno halisi pale. Ilikuwa kiangazi, na maji yalikuwa chini kabisa, ukingo wa udongo umesimama wima juu yetu. Kati ya kiangazi na kilele cha mafuriko, Septemba hivi, Mekong hapa hupanda kwa zaidi ya mita 10. Maji yakirudi huacha tope jipya, na watu hulifuata tope hilo kwa jembe: mahindi, ufuta, maharage, tumbaku. Shamba la Februari ni njia ya samaki Agosti. Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo, na uvunguni ndimo maisha ya mchana yanamopita, ng'ombe amefungwa hapa, mtoto analala kwenye bembea ya wavu pale, na mwanamke amekaa kwenye mtambo wa mbao akifuma. Wacham wa mto huu wanajulikana kwa uvuvi, kwa biashara ya ng'ombe na bucha, na wanawake wao kwa kufuma. Kutoka kwenye boti unavitambua vijiji kwa mapaa. Kuba la msikiti linatokea kwenye kona ya mto, kisha mbele kidogo paa lenye ncha la wat, hekalu la Kibudha, kisha kuba tena.

"Hapa Cikgu," kijana aliniambia, "mtu akitaka kujua kijiji ni cha nani haulizi. Anatazama juu."

Nilimwuliza walifikaje. Alicheka kidogo, akasema inategemea unaanzia mwaka gani.

Champa haikuwa dola moja yenye mji mkuu mmoja siku zote. Zilikuwa falme za pwani ya kati ya Vietnam ya leo, zilizoishi kwa bandari. Wanajiografia wa Kiarabu waliiita Sanf, na tangu karne ya 9 waliuandika udi wake miongoni mwa bidhaa za safari ya China. Anayefukiza udi Lamu au Unguja usiku wa harusi ajue kwamba biashara hiyo ina umri mkubwa kuliko miji yetu mingi, na kwamba watu wa Champa walikuwa ndani yake. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalay, na pia Kimalagasi, kwa hiyo Kicham kina ndugu wa mbali upande wetu wa bahari, pale Madagaska.

Mwaka 1471 mfalme Le Thanh Tong wa Dai Viet, Vietnam ya wakati ule, aliuteka Vijaya, mji mkubwa wa Champa. Hapo ndipo wimbi la wakimbizi lilipoanza kuelekea magharibi. Uliobaki, ufalme mdogo wa Panduranga, uliendelea kubanwa hadi mwaka 1832, mfalme Minh Mang wa Vietnam alipoumeza wote na kulifuta jina la Champa kwenye ramani. Kati ya miaka hiyo miwili ni karne tatu na nusu za watu kuhama kwa makundi, baba leo, mjukuu kesho, wakiufuata mto. Kambodia iliwapokea. Huko walikutana na Wamalay waliokuja kwa biashara, wakaoleana nao, na Uislamu uliokuwa umeanza kuingia kwao ukashika mizizi.

Ukashika hata ikulu. Mwaka 1642 mwana wa mfalme aliyeungwa mkono na Wacham na Wamalay alitwaa kiti cha Kambodia, akasilimu na kuitwa Sultan Ibrahim. Mwaka uliofuata aliingia vitani na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, na mjumbe wa kampuni hiyo, Pieter van Regemortes, akauawa. Alitawala hadi 1658, alipoangushwa kwa msaada wa majeshi kutoka Vietnam. Wakhmer ni Wabudha, na hajatokea tena mfalme Mwislamu baada yake. Nilipokuwa nikisoma habari hizo kabla ya safari nilikuwa nikijiuliza kwa nini hazimo katika simulizi tunazopeana kuhusu Uislamu wa Bahari ya Hindi. Tunataja Kilwa, Aden, Gujarati, Malaka, Aceh. Hapo tunakunja jamvi.

Uhusiano na wafalme haukuwa shwari kila wakati. Mwaka 1858 Wacham na Wamalay wa Tbong Khmum, eneo hili hili tulilokuwa tukilipita, waliasi dhidi ya mfalme Ang Duong. Walishindwa, wengi wakakimbilia Châu Đốc upande wa chini wa Mekong, wengine wakahamishwa kwa nguvu karibu na mji mkuu ili waangaliwe. Miaka mitano baadaye Wafaransa waliifanya Kambodia nchi ya himaya, na kwa karibu karne nzima vijiji vya mto vikapata utulivu wa kujenga kile ambacho mimi hasa nilikuja kukitafuta, yaani vyuo.

Svay Khleang ndicho kijiji kilichokuwa na sifa hiyo. Tulipanda ngazi zilizokatwa kwenye udongo wa ukingo, na cha kwanza kuonyeshwa kilikuwa mnara wa zamani, uliojengwa muda mrefu kabla ya 1975 na kuachwa umesimama. Karibu kila kingine kijijini ni kipya. Wazee walitoka, misuli viunoni na kofia vichwani, tukapeana salamu ambazo hazikuhitaji mkalimani. Mmoja wao, baada ya kuulizia safari na afya, alimtumia kijana kuniuliza nchi yangu iko wapi. Nikasema Afrika ya Mashariki, pwani. Akauliza madhehebu. Nikasema Shafii. Akanitazama kwa makini, kisha akauliza swali ambalo hata marehemu babu yangu angeliuliza: "Mnasoma kunuti kwenye Subhi?"

Nikamwambia tunasoma. Hapo ndipo chai ilipoletwa.

Wanazuoni wa vijiji hivi walikuwa wakisafiri hadi Kelantan na Patani, kwenye Rasi ya Malay, kusoma katika vyuo vya bweni, na wachache walifika Makka. Walirudi na vitabu vya fiqhi na tauhidi vilivyoandikwa Kimalay kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaitwayo Jawi. Sisi tunayaelewa haya bila maelezo marefu, maana Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi, na barua za mababu zetu ziko hivyo. Mlolongo wa elimu wa pande zote mbili unapita Hadhramaut. Safinatun Najaa, kitabu kidogo ambacho watoto wetu hufundishiwa udhu na swala kutokea Lamu hadi Kilwa, mwandishi wake Salim bin Sumair alitoka Hadhramaut na kufia Batavia, Jakarta ya leo, katikati ya karne ya 19.

Hata ugomvi wetu ni mmoja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mabishano ya Kaum Muda na Kaum Tua, kundi la vijana na kundi la wazee, yaliyokuwa yakitikisa misikiti ya Wamalay, yaliingia na huku. Je, kusomea maiti kunafaa? Maulidi je? Vijiji viligawanyika, baadhi hadi swala ya Ijumaa. Aliyekulia Tanga hana haja ya kusimuliwa. Na wako Wacham wengine, upande wa Oudong na Kampong Chhnang, wafuasi wa Imam San, ambao husali pamoja siku ya Ijumaa tu, wametunza herufi za kale za Kicham, na kila mwaka hupanda kilima cha Oudong kumwadhimisha imamu wao wa karne ya 19. Sikufika kwao. Ninawataja ili msomaji asidhani Wacham wote ni wa sura moja.

Hiyo ndiyo dunia iliyokuwapo ukingoni hapa. Mwalimu aliyesoma Kelantan alikuwa na sanduku la vitabu, watoto walikaa uvunguni kwake na juzuu zao, na mtu akifariki alijulikana nani atamwosha na nani atamsomea. Elimu yote ya kijiji ilikuwa katika vichwa vya watu wachache na masanduku machache ya mbao. Walioamua kuivunja walilielewa hilo vizuri.

Machi 1970 mkuu wa nchi, Norodom Sihanouk, alipinduliwa, na kutoka Beijing akawaita raia waende msituni kupigana. Wacham wa mashariki, kama majirani zao Wakhmer, wengine waliitikia. Eneo hili likawa chini ya Khmer Rouge mapema, miaka kadhaa kabla ya Phnom Penh kuanguka tarehe 17 Aprili 1975. Mwanzoni waliachiwa dini yao. Kufikia 1973 na 1974 mambo yakageuka: maimamu, walimu na wazee walianza kuchukuliwa mmoja mmoja kwenda "kusoma", na hawakurudi. Wanawake waliamriwa wakate nywele na wavue mitandio. Baada ya ushindi ikaja amri nyingine juu ya nyingine. Hakuna swala. Hakuna Kicham, Kikhmer peke yake. Misahafu ikusanywe. Misikiti ikawa maghala, mingine mazizi ya nguruwe. Majina yakabadilishwa. Katika kula kwa pamoja, wakalazimishwa nyama ya nguruwe, na kukataa kulikuwa ushahidi wa kupinga mapinduzi.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Septemba, Idi mwanzoni mwa Oktoba. Ndiyo majira ambayo vijiji viwili vya mto huu viliinuka.

Tulikwenda kwa boti hadi Koh Phal, na nilimwomba kijana azime injini ili nisikie anachosema. Wanakijiji wa hapa walikataa kuacha swala na kutoa misahafu. Waliposikia kwamba watakuja kukamatwa, walijiandaa kwa walichokuwa nacho, mapanga na visu, na silaha chache za moto. Khmer Rouge walikizingira kisiwa, wakakipiga kwa makombora, wakaingia na kukichoma. Waliosalia walitawanywa. Kisha wakakiondolea kisiwa hata jina: Koh Phal ni Kisiwa cha Mavuno, wao wakakiita Koh Phes, Kisiwa cha Majivu. Leo kina mashamba na watu, na jina lake limerudi.

Svay Khleang iliinuka siku zile zile za Oktoba. Watu walikuwa wameshaona wenzao wakichukuliwa usiku. Safari hii ngoma ilipigwa, takbiri ikapaa, vijana wakatoka na mapanga dhidi ya bunduki. Haikuwa vita ya kushinda. Jeshi lilipoingia, kijiji kilikaguliwa nyumba kwa nyumba, wanaume wakatengwa na wanawake, wengi wakafungwa na kuuawa, na waliobaki wakapelekwa maeneo ya malaria mbali na mto, kila familia mahali pake, ili wasikae tena Wacham kumi pamoja. Mwanahistoria wa Kicham Ysa Osman alipita vijiji hivi miaka mingi baadaye akiwahoji walionusurika, na kwa sababu yake uasi wa Koh Phal na Svay Khleang umo kwenye vitabu. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayesema Kicham na anayeweza kukaa na bibi kizee hadi aamue kusimulia.

Kuna waraka mmoja ambao kila mwalimu wa historia angeuthamini. Ni telegramu namba 15, ya tarehe 30 Novemba 1975, kutoka uongozi wa Kanda ya Mashariki kwenda kwa Pol Pot, kiongozi wa Khmer Rouge. Inalalamika kwamba Waislamu 50,000 waliopangwa kuhamishwa kutoka Mashariki kwenda Kaskazini hawakupokelewa huko. Hakuna hasira katika lugha yake. Ni afisa anayeuliza afanyeje na mzigo. Nilipokuwa darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wasitafute uovu katika hotuba peke yake, watazame na orodha za usafirishaji, na sina mfano ulio wazi kuliko huo.

Hatua ya mwisho ilikuja mwaka 1978. Trea ni kijiji cha ukingoni, karibu na hapo, na nyumba zake ziligeuzwa kuwa kituo cha usalama. Wacham waliletwa kwa boti na kwa miguu. Mashahidi walieleza mahakamani kwamba waliulizwa swali moja: wewe ni Mcham au Mkhmer? Wasichana waliojibu kwamba ni Wakhmer waliishi. Shahidi mmoja aliyefanikiwa kutoroka aliwaona watu wakifungwa kamba na kuvutwa nyuma ya boti katikati ya mto hadi wafe maji. Mto ule ule. Sikushuka Trea. Kijana alipunguza mwendo, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo, nami nikaitika amin, kisha tukaendelea.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya hesabu. Ben Kiernan anakadiria kwamba kati ya Wacham 250,000 walifariki 90,000, zaidi ya theluthi. Ysa Osman anaamini walikuwa 700,000 na kwamba waliokufa ni kati ya 400,000 na 500,000. Hawakukubaliana pia juu ya sababu. Marehemu Michael Vickery alishikilia kwamba Wacham walikufa kama Wakambodia wengine wote, katika njaa na hofu iliyoua watu wapatao milioni 1.7 nchini. Nimesoma hoja zake kwa heshima, na nimezikataa. Mtu anayeulizwa kabila lake kabla ya kuuawa hakufa kama wengine. Na kiwango cha vifo vya walimu na maimamu kilipita kwa mbali kile cha watu wa kawaida. Kati ya wanazuoni wakubwa 113 waliojulikana kabla ya 1975, walioonekana hai baadaye ni wapatao 20.

Vietnam iliingia Phnom Penh tarehe 7 Januari 1979. Wacham wakaanza kurudi mtoni. Kijana alinieleza kwamba bibi yake aliwalea watoto wake miaka ile bila kuwatamkia neno la Kicham, wasije wakaropoka mbele ya wapelelezi. Walipoanza kufundishwa Kicham walikuwa tayari wakubwa. Waliokuwa wamefukia misahafu ardhini walikwenda kufukua, na mingi ilikuwa imeliwa na unyevu na mchwa. Swala ya kwanza ya jamaa katika vijiji vingi iliongozwa na yeyote aliyekumbuka sura za kutosha.

Misikiti ilijengwa upya, kwa michango ya ndani na fedha za Malaysia, Kuwait, Saudi Arabia na Imarati. Msikiti mkuu wa Phnom Penh, Al-Serkal, ulifunguliwa upya mwaka 2015 kwa fedha za tajiri wa Dubai. Nilisali adhuhuri Svay Khleang kwenye msikiti mpya, zulia safi, feni zinazunguka. Baadaye nilipelekwa chuoni, nikakuta watoto wa kike na wa kiume wakipokezana Juzuu Amma kwa mahadhi tunayoyajua, na mwalimu kijana akimrudisha mmoja mara tatu kwenye herufi ya dhadi. Kwenye kabati kulikuwa na vitabu vizuri vilivyochapishwa Kuala Lumpur na nchi za Ghuba. Nikauliza vya zamani, vile vya mkono, vya Jawi, vilivyonakiliwa na walimu wa hapa. Nilionyeshwa kimoja, kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo, na doa la maji limepanda hadi nusu ya kila ukurasa. Nilikishika kwa mikono miwili. Vingine, mzee aliniambia, vilichomwa pale, akaonyesha kwa kidole uwanja uliokuwa mbele yetu.

Haki ilichelewa mno. Mahakama maalumu iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa ilitoa hukumu yake juu ya mambo haya tarehe 16 Novemba 2018, miaka 43 baada ya Koh Phal. Nuon Chea, msaidizi mkuu wa Pol Pot, alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham na dhidi ya Wavietnam. Khieu Samphan, aliyekuwa kiongozi wa dola, alipatikana na hatia hiyo kwa Wavietnam tu. Kwa Wacham hakupatikana nayo, ingawa alifungwa maisha kwa makosa mengine mengi. Nuon Chea alifariki tarehe 4 Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka 93, rufaa yake ikiwa haijasikilizwa. Pol Pot mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1998 bila kufikishwa mbele ya mahakama hiyo. Kwa hiyo katika dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuhukumiwa na mahakama ya haki kwa mauaji ya kimbari ya Wacham, naye hakuishi mwaka mmoja baada ya hukumu.

Jioni, tukirudi Kampong Cham, kijana aliniuliza kama kwetu vitabu vya zamani vipo. Nikamwambia vipo, katika masanduku ya familia Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Unguja, Kilwa, vingine kwenye hifadhi za nyaraka za Zanzibar na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vingi zaidi chini ya vitanda vya watu. Akauliza nani anavinakili. Wapo wanaojitahidi, nilisema. Hawatoshi.

Basi ninakuomba, msomaji uliye mwambao na mwenye kitabu cha mkono cha babu au bibi yako, hata kama huwezi kukisoma: kitoe kwenye unyevu, kipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu uliyonayo, andika jina la mwenyewe na mji aliokaa, na nakala mpe ndugu anayeishi mji mwingine na nyingine uipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka iliyo karibu nawe. Fanya hivyo mwaka huu.